Mwatime wa Lunga Lunga na Mji wa Vitunguu

Saa tatu asubuhi, Karantina, kusini mwa Jeddah. Mwatime Ndaro anatia pindo abaya ya mteja, simu ikiwa imeegemea kopo la vifungo. Kwenye simu, mama mkwe wake, aliye Niger, anamwonyesha ua uliojaa vitunguu.

"Anasema malori yanakuja kesho," anatafsiri mumewe, Sanusi, akifunga viatu aende kazini.

"Basi mpaka uko wazi," Mwatime anasema, akishusha pumzi.

Mwatime, mzaliwa wa Lunga Lunga, Kwale, alianzia Riyadh kwa kazi za nyumbani. Baadaye alipata kafili, yaani mdhamini wa kazi, mwenye duka la ushonaji Jeddah, na huko akaolewa na Sanusi, mpakia mizigo anayetoka mji mdogo wa Niger unaopakana na Nigeria.

Mji huo una barabara moja ya vumbi. Vitunguu, kunde na mbuzi hushuka kusini. Sukari na vitambaa hupanda kaskazini. Muuza chai hupokea faranga na naira bila kuuliza.

Kisha mpaka ukafungwa. Vitunguu vikachipua uani, na Sanusi akataka wahamie kwa mamake, aliyekuwa peke yake.

"Nilimwambia, mie nina kwetu, sendi kuzeekea mchangani mwa watu. Akasema, 'Halas, Mwatime, yameisha.' Tukanuniana."

Mpaka ulipofunguliwa, walikwenda huko kutembea. Siku ya gulio, Mwatime alimwona mwanamke akivuta mbuzi kwenye kizuizi cha mpakani huku akitaniana na askari.

"Nikacheka peke yangu. Shangazi zangu huvuka vivyo hivyo kwenda Horohoro, Tanzania."

Alikuwa amempelekea mama mkwe leso za Mombasa. Wanawake sokoni walizishika, wakazipapasa, wakauliza bei.

"Jioni mama kabakiwa na ile aliyojifunga tu! Mie nimeleta zawadi, yeye kafungua duka."

Sasa wamekubaliana. Mkataba ukiisha mwakani, watahamia huko. Yeye ashone na kuuza leso, Sanusi alime.

Na mpaka ukifungwa tena? Mwatime anaondoa mguu kwenye cherehani.

"Tutaumia kama wenzetu. Lakini mama hatakuwa peke yake."

Mamake mwenyewe, kule Lunga Lunga, bado hajui. Kila Ijumaa huzungumza naye habari za mahindi na wajukuu.

"Ijumaa hii nitamwambia," anasema. "Nataka anipe radhi kwanza. Asiponipa, siendi."