Damu Niliyoiita Bawasiri

Mtanisamehe nikisema nimekaa. Kusimama bado kunanichosha, na kuyasimulia haya nako kunachosha. Lakini nimeombwa na wanajumuiya wenzangu, na nina sababu ya kukubali.

Naitwa Restituta, mke wa Aloisi, wa huku huku Kilema. Bei ya kahawa ilipoanguka, miaka ile ya tisini, nilianza kufuata mitumba mpakani Holili na kuiuza Moshi mjini. Nikirudi jioni, bado nawakatia ng'ombe majani kihambani, kwenye shamba letu la migomba. Nilikuwa mzima.

Ilianza na damu chooni. Kidogo, nyekundu, haiumi. Nikasema ni bawasiri. Zahanati walinipa dawa za amiba, safari nyingine za minyoo. Damu ikakoma, ikarudi. Choo kikawa chembamba. Mara naharisha, mara sipati kabisa. Nikitoka chooni nahisi bado nina haja, narudi, hakuna kitu. Nikakonda hadi sketi zikawa zinanizunguka kiunoni.

Mama mkwe aliniletea mtori wa ndizi kila asubuhi. "Kula, mwanangu. Watu watasema tunakunyima." Nikila, tumbo linanisokota.

Siku moja nilianguka sokoni nikifungua robota la nguo. Aloisi akasema, "Sasa basi. Kesho tunakwenda hospitali kubwa."

Daktari alikuwa mama wa makamo. Alinipima kwa kidole, kisha akaingiza chombo chenye taa kupitia njia ya haja kubwa, akakata kinyama cha kupima. Niliumia na kuona aibu, nikageukia ukutani. Majibu yalipotoka alituita wote wawili.

"Mama, ni saratani ya utumbo mpana. Imekaa chini kabisa. Tutaikata, ila ungekuja mapema ingekuwa rahisi zaidi."

Aloisi akauliza, "Atapona?"

"Siwezi kuahidi. Ninachojua, tukiiacha hatapona."

Walinipasua. Nilipozinduka, choo kilikuwa kinatokea tumboni, upande wa kushoto, kwenye mfuko. Mifuko ya hospitali ilikuwa adimu, nyumbani tukatumia ya nailoni na vitambaa. Ilivuja. Nilinuka. Niliacha kwenda kanisani. Aloisi ndiye aliyenisafisha, na nilipolia aliniambia, "Nimesafisha zizi tangu utoto, hiki ndicho kitanishinda?" Nikacheka, kidonda kikauma.

Sikuomba kupona kila siku. Kuna siku niliomba usingizi tu.

Nilipoanza kupata nafuu, yule daktari aliniuliza kama kwetu kuna aliyewahi kuugua hivyo. Nikamkumbuka baba. Alitokwa damu, akakonda, akafa, na watu wakasema amelishwa sumu. Daktari akaandika kwenye faili langu. "Ndugu zako waje wapimwe," akasema, "hata kama hawaumwi."

Nimebaki na ndugu mmoja, Deo, mdogo wangu, analima mpunga Chekereni. Alipokuja kunisalimia nilimweleza.

"Dada, mimi siumwi popote. Nikavuliwe suruali kwa sababu gani?"

Sikuwa na nguvu za kubishana. Nilipandisha blauzi nikamwonyesha mfuko, na ulikuwa umejaa. Aliutazama muda mrefu.

"Tutakwenda lini?" akauliza.

Walimkuta na kivimbe kidogo ndani ya utumbo. Hakikuwa kimegeuka saratani bado, lakini daktari alisema kikiachwa kinaweza kugeuka. Wakakiondoa kwa chombo kile kile, bila kupasua tumbo, akarudi kwenye mpunga wake. Hana kovu lolote.

Namshukuru Mungu, na waliyonitendea madaktari na Aloisi siyasahau. Mfuko ninao, nitazikwa nao. Ila ninyi, ukiona damu chooni, au choo kimebadilika na hakirudi kama zamani, au unakonda bila sababu, usijipe jina la ugonjwa mwenyewe. Nenda upimwe. Ukipewa dawa na hali ikarudi, rudi useme imerudi. Na kama mzazi au ndugu yako aliugua hivi, usingoje damu.

Mwenye jambo la chooni analoona haya kulisema hapa, aje nyumbani. Mimi haya hiyo ilishaniisha.