Majani Hayana Kosa

Kuna watu waliojaliwa macho makali, wengine miguu ya kukimbia, na kuna mmoja aliyedai amejaliwa ulimi kuliko binadamu wote. Kazini walimwita hivyo hivyo, Ulimi, na badala ya kuona haya alivimba kichwa. Kazi yake ilikuwa kuonja chai katika ghala la kampuni ya kufungasha majani. Mchemshaji, mama mmoja mkimya, alipima majani kwenye mizani, akamimina maji, akatazama saa, akachuja, akapanga vikombe vyeupe mezani. Hapo ndipo Ulimi alipoingia na koti lake jeupe. Alivuta chai kwa kijiko kwa kelele, akasukutua mpaka mashavu yakatikisika, kisha akaitema. Mwonjaji hamezi. Akimeza vikombe mia mbili kwa siku, atahamia chooni na godoro lake. Hilo linaeleweka, na hakuna wa kumlaumu mtu kwa kazi yake.

Shida ni kwamba Ulimi alirudi na kazi nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na mkewe, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sindano. Wenye adabu walisema ni kwa sababu ya ufundi wake. Wasio na adabu walisema ni kwa sababu ya mdomo wake. Siku ya kwanza kuamka katika nyumba ya mumewe, alipika chai, akaitia kwenye kikombe kipya chenye kisahani, akamletea bwana harusi kwa mikono miwili. Bwana harusi akavuta funda moja kwa mlio uliosikika kwa jirani, akasukutua, akatafuta pa kutemea, akatemea dirishani. Kisha akafuta midomo na kutoa hukumu.

"Majani hayana kosa."

Maskini, bibi harusi alidhani amesifiwa. Siku nzima alishona akiimba. Baada ya wiki ndipo alipoelewa kwamba kwa waonjaji maneno hayo yana maana moja tu: majani ni mazuri, aliyeyapika ndiye aliyeyaharibu.

Kwa kuwa dirisha lilikuwa juu ya njia ya watu, Ulimi alijiletea kopo. Lilikuwa kopo la rangi lililooshwa, na aliliweka kando ya mguu wa kiti chake. Asubuhi na jioni, kwa miaka thelathini na mmoja, alivuta, akasukutua, akatema koponi, akatamka hukumu yake. Na kopo lile lilioshwa na nani? Si yeye. Mfalme haoshi kopo.

Mama Sindano alijaribu kila njia. Alizidisha majani, akapunguza majani, akabadili birika, akachemsha maji ya mvua. Majani hayakuwa na kosa hata siku moja. Mwisho aliacha kujaribu, akajifunza kubana pini midomoni kila mume alipokaa mezani, maana mtu mwenye pini mdomoni hajibu. Pembeni alimsimanga mpaka basi. Alisema ameolewa na bomba la sinki, tofauti ni kwamba bomba huwa linapeleka maji chini. Watu walicheka. Lakini tusidanganyane, iliuma. Mwanamke huyu hakutaka dhahabu wala safari. Alitaka siku moja tu aone koo la mumewe likipanda na kushuka juu ya chai aliyoipika yeye.

Sasa jirani yao alikuwa nesi, mwanamke mcheshi asiyejua kufunga mlango wala mdomo. Siku moja alirudi kutoka kazini na pakiti ndogo ya chai ya majani makubwa iliyochanganywa na maganda makavu ya chungwa. Alimpikia Mama Sindano. Mama Sindano akanusa, akanywa, akanusa tena, akauliza kama kuna nyingine.

Ulimi aliposikia habari hizo alibinua mdomo. Chai zilizotiwa ladha alizichukia kuliko wezi. Alisema manukato yanapakwa kwapani, hayanywewi. Alisema anayetia ladha kwenye chai anaficha kitu, kama fundi anayepaka rangi ukuta wenye nyufa. Alihutubu hivyo mpaka chakula kikapoa, na mkewe akaendelea kula.

Tangu hapo, kila nesi alipokuwa na mapumziko, wawili hao walijifungia mchana jikoni kwa nesi na kuchanganya. Walichanganya vibaya kwanza, tena vibaya hasa. Vanila ilizidi, chai ikanuka mafuta ya nywele. Waridi ikazidi, nesi akasema anakunywa kitambaa cha bibi yake. Tangawizi ilichoma koo mpaka wakatoka machozi, na mnanaa ukawaletea ladha ya dawa ya meno. Mama Sindano hakujihurumia hata kidogo. Kila kikombe kibovu alikitukana kwa jina lake kamili kabla ya kukimwaga.

Lakini alikuwa na silaha ambayo nesi hakuwa nayo. Miaka yote ile ya mahubiri ya mezani haikupita bure. Alijua kwamba maji yakichemka kupita kiasi yanachoka. Alijua kwamba majani madogo yanataka dakika tatu na makubwa yanataka tano, kwamba birika lipashwe moto kwanza, lifunikwe, na majani yasikamuliwe kamwe. Ulimi alikuwa amemwaga elimu yote hiyo huku akidhani anamtukana mtu.

La maganda alilivumbua mwenyewe. Maganda ya chungwa yaliyokaushwa juani yalitoka machungu. Yaliyokaushwa jikoni yalinuka moshi. Basi akayakata membamba kwa mkasi wake wa kushonea, akayalaza katikati ya vipande viwili vya kitambaa cha pamba, akayapiga pasi ya moto mdogo, taratibu, kama anayenyoosha kola ya shati. Yakakauka na harufu yake yote ndani. Mteja mmoja alilalamika gauni lake linanuka chungwa. Mama Sindano alimjibu kwamba hilo ni zawadi, asante si lazima. Juu ya maganda akatia iliki mbili zilizopondwa, basi. Siku walipoinywa chai ile nesi alinyamaza, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Wakati huo huo huko ghalani mambo yalikuwa yameharibika. Wanunuzi walikimbilia chai zilizotiwa ladha, na meneja akatangaza kwamba yeyote mwenye mchanganyiko wake aulete, aupike mwenyewe mbele ya mchemshaji, na bora atafungashwa na kampuni. Ulimi alinuna wiki nzima. Alisema ametoka kuwa mwonjaji amekuwa mnusa kwapa. Hata hivyo alipewa koti jipya, akakubali kuwa jaji.

Nesi ndiye aliyeandikisha jina, tena jina lake mwenyewe ili Ulimi asijue, na Mama Sindano akaenda naye akiwa amejifunga kitambaa kichwani na kukaa benchi la nyuma. Alikuwa amepika mwenyewe nyuma ya pazia, mchemshaji akimshikia kichujio. Vikombe vilikuwa na namba tu. Chake kilikuwa namba tisa.

Ulimi akapita mezani kama mkaguzi wa magereza. Namba moja, akatema, akasema sabuni. Namba mbili, akatema, akasema afadhali sabuni. Ya tatu alimwambia karani aandike kwamba imekufa na izikwe. Watu waliochanganya kwa miezi walikaa ukutani wakisikiliza kazi yao inavyotemwa, na wengine walitazama viatu vyao. Mama Sindano aliwahurumia. Yeye alikuwa amezoea.

Akafika namba tisa. Akavuta. Akasukutua mara moja, mara ya pili, halafu mashavu yakasimama. Mama Sindano alilikodolea macho koo lile. Likapanda, likashuka.

Karani alikuwa tayari na kalamu. Ulimi alirudisha kijiko mezani, akainua kikombe chenyewe, akanywa kama watu wanavyokunywa, akakimaliza.

"Aliyepika hii anaijua chai," alisema. "Nani?"

Nesi hakusimama. Alimsukuma mwenzake mgongoni kwa nguvu zake zote, na Mama Sindano akajikuta katikati ya chumba, kitambaa kimeteleza, machozi yako karibu. Maskini mama wa watu, kwa kufumba na kufumbua alisamehe kila kitu. Alisamehe kopo, dirisha, na ile siku ya kwanza.

Ulimi akamtazama. Akamtazama meneja. Kisha akavuta koti lake likanyooka, akacheka kicheko cha mwenye mali.

"Mke wangu huyu," alisema. "Nimemfundisha mwenyewe miaka thelathini na mmoja. Hii ni kazi yangu, bosi. Tutaiita Chai ya Ulimi."

Watu wakapiga makofi. Wakampigia nani? Yeye. Mama Sindano alifunga kitambaa chake upya, akabana midomo ingawa siku hiyo hakuwa na pini.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alikuwa amejisifu mwenyewe, kwa hiyo maji yalikuwa mengi. Alimwalika meneja nyumbani Jumapili mchana aje aone mahali chai ile ilipozaliwa. Akasema atapika yeye kwa mkono wake, ili bosi aone asili ya ufundi. Mkewe akaulizwa vitu viko wapi. Akavionyesha vyote, kimoja kimoja, bila hila: majani haya, maganda haya, iliki hizi, birika lile. Halafu akaenda kukaa. Tena alikaa kwenye kiti cha mumewe, na hakuna aliyegundua isipokuwa nesi, ambaye hakualikwa lakini alikuwepo.

Hapo ndipo ilipojulikana siri ambayo Ulimi mwenyewe hakuijua. Mtu huyu hakuwahi kupika chai. Kwao alipikiwa na mama yake, kazini alipikiwa na mchemshaji, nyumbani alipikiwa na mke. Alitia majani, maganda na iliki vyote pamoja ndani ya maji yanayotokota, akazidisha moto, akatoka kumsimulia meneja habari za ulimi wake. Alisimulia kwa kirefu. Jikoni kitu kilichemka, kikafurika, kikazima jiko. Akarudi, akakamua majani kwa kijiko, akaja na sinia amejaa tabasamu. Chai ilikuwa na rangi ya maji ya kufulia magunia.

Meneja alikunywa. Alikuwa mtu mstaarabu, alimeza kwa shida, akasema ni nzito. Nesi alinusa yake, akairudisha kwenye kisahani na kuulizia maji ya kunywa. Ulimi akavuta funda lake kwa kelele ile ile ya siku zote, na wakati bado yumo katika kusukutua, macho yake yalianza kubadilika.

Mama Sindano naye aliinua kikombe. Akavuta kwa mlio mrefu uliofika kwa jirani, ingawa jirani alikuwa hapo hapo. Akasukutua kulia, akasukutua kushoto, bila haraka. Akainama, akalivuta kopo kutoka kwenye mguu wa kiti, akatema. Akafuta midomo kwa pembe ya kitambaa.

"Majani hayana kosa," alisema.

Meneja alikuwa mtu wa chai tangu ujana wake. Hakuhitaji kutafsiriwa. Akakitazama kikombe, akamtazama mwenye nyumba, kisha akageuza kiti chake kumwelekea Mama Sindano na kumwuliza kwa heshima kama maganda yale hukaushwa juani. Akamjibu kwamba hapana, hupigwa pasi.

Ulimi alikuwa bado na funda mdomoni, mashavu yamevimba. Kopo lilikuwa miguuni pa mkewe na dirisha lilikuwa upande wa pili wa wageni. Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anaeleza habari za pasi na hakumtazama.

Akameza.