Mota ya Kuzungushia Antena

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya redio ya kanisa, Fundi Mkuu alinikalisha kwenye benchi akasema, "Leo usishike kitu. Sikiliza tu." Nilisikiliza mikwaruzo hadi jioni, nisielewe lolote. Baadaye nilipelekwa zahanati ya Nyakatuntu kuwa mtu wa redio. Kila asubuhi Mkuu wa Mawasiliano alituita hewani. Alianza kwa sala, ndipo akauliza habari za wagonjwa na dawa.

Sasa sote tumestaafu. Mkuu huyo wa Mawasiliano yuko Songambele, mgonjwa wa kitandani, kanisani hafiki tena. Mimi niko Nyabiyonza. Tuna leseni za redio za ridhaa, yaani za wanaozungumza hewani kwa kupenda tu, na kila jioni tunasali pamoja. Antena yangu husikia vizuri upande inaoelekea tu. Mchana naielekeza Bukoba kwa wenzangu wengine, jioni Songambele. Magoti yaliponikatalia kutoka nje kuigeuza, nikatafuta mota ndogo ya kuizungusha, ya bei ninayoiweza. Nikikosea, nampoteza Mkuu.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Dukani Kayanga kulikuwa na mota mbili: moja ya antena za televisheni, rahisi, na nyingine ya bei ya ng'ombe. Karatasi ya ile rahisi ilitaja kilo inazoweza kubeba. Nikaitundika antena kwenye mizani ya kahawa.

"Baba Koku," mke wangu akacheka, "hiyo umeianika ikakauka, au chama cha kahawa watairudisha?"

Ilikuwa nyepesi. Nikamweleza Mkuu.

"Kijana," akasema, kana kwamba sina mvi, "umepima uzito. Upepo je? Soma kwenye karatasi eneo linalopigwa na upepo. Halafu breki: nguvu ya kuzungusha ni moja, nguvu ya kuzuia upepo usiizungushe ni nyingine."

"Eneo gani, Mkuu? Ni vijiti vitupu!"

"Basi pima kila kijiti, urefu mara upana, ujumlishe."

Nilijumlisha mara mbili, nikapata majibu mawili. Mwishowe nilichukua ile rahisi, nikafunga juu yake beringi ya kubeba mlingoti, ili mota izungushe tu. Yaliyobaki nilimwachia Mungu. Ninyi vijana, ulizeni breki kabla ya bei.

Jioni moja upepo ulivuma migombani kwa nguvu. Mshale wa kisanduku cha kuongozea mota, pale mezani, ulionyesha Songambele sawasawa, lakini Mkuu hakusikika. Niliita, nikaita tena. Nikawaza mabaya. Sikujua la kufanya, nikabonyeza kitufe. Mshale ukaiacha Songambele, ukazunguka hadi upande wa ziwa, kuliko Bukoba, na hapo sauti yake ikaingia safi. Labda upepo uliugeuza mlingoti ndani ya vibano, mshale usijue. Hadi leo sina hakika.

"Shikamoo, Mkuu! Nilidhani..."

"Marahaba. Nasali peke yangu hapa. Ulikuwa wapi?"

"Sijui, Mkuu. Mshale unasema wewe uko Bukoba."

"Basi usiuguse. Tusali."