Fainali ya Siku Moja

Juzi seremala wa mtaa wa Kalangalala aliupaka mlango wangu mafuta ya mbegu za kitani, na harufu yake ikanifanya niondoke bila kumuaga.

Utotoni kwetu Shinyanga, jirani yetu Mhindi alilipaka gongo lake la kriketi mafuta hayohayo. Binti yake alikuwa rafiki yangu wa pekee. Siku wanahama, mizigo ilishapakiwa, ila baba yake alikataa kuondoka kabla ya fainali ya Kombe la Dunia kwisha. Tuliketi mbele ya televisheni.

"Baba, mechi inachukua siku ngapi?" nilimuuliza baba yake.

"Kriketi ya jadi ni siku tano. Kombe hili ni siku moja. Lilipoanza, kila timu ilirushiwa mipira mia tatu na sitini. Sasa ni mia tatu tu."

"Na mvua ikinyesha?"

"Fainali ina siku ya akiba. Wanamalizia kesho."

Tulitoka mbio hadi uani, tukaomba mvua, mimi kwa Kisukuma, yeye kwa Kigujarati. Ikaja! Ikapiga mabati, nasi tukarukaruka matopeni kwa furaha.

Tuliporudi ndani tumelowa, kwenye televisheni jua lilikuwa linawaka. Walikuwa wanacheza nchi ya mbali. Baba yake aliongeza sauti kuishinda mvua yetu.

"Imebaki mipira sita," alisema.

Rafiki yangu alinishika mkono, tukaitazama yote. Kisha baba yake alichomoa waya, akaibeba televisheni kifuani, akaipeleka garini.