Ndoo ya Abdulnasir

Siku ya kwanza kumwona Mwanahalima alikuwa anakimbizana na mvua. Nilikuwa nimekwenda Kibara kumpelekea fundi mwenzangu spoku za baiskeli. Nikamkuta Mwanahalima ufukweni anakunja chandarua kilichojaa dagaa, peke yake, huku wenzake walioanika mchangani wakimcheka kwa kujitesa. Nilishika upande wa pili. Hakuniuliza jina. Alisema tu, "Mwanangu hali dagaa zenye mchanga."

Baadaye alihamia Bunda, Manyamanyama, akaweka meza yake karibu na banda langu. Ndipo nilipojua kuwa huyo mwanawe, Abdulnasir, ni askari, na amepelekwa Kongo kulinda amani. Hakuwa na mtoto mwingine. Kila redio iliposema majeshi huenda yakaondolewa, alikwenda ziwani kununua dagaa, akazianika juu ya chandarua, akajaza ndoo nyeupe na kuifunga. Ndoo hiyo ya Abdulnasir hakumuuzia mtu. Habari zikibadilika, dagaa zilikaa mpaka zikageuka rangi, akaziuza kwa wafuga kuku.

Wateja wangu walikuwa wakibishana juu ya mambo hayo hayo. Silasi, mkulima wa pamba, alitaka askari warudi. Mseti, aliyewahi kuwa mgambo, alikataa.

"Vita si yetu," Silasi alisema. "Wenyewe hawajapatana, sisi tunazika vijana."

"Ukiondoka katikati, waliokufa wamekufa bure. Na wale akina mama wa kule wanaachiwa nani?"

"Nenda wewe basi! Ng'ombe zako zilivyokuwaga zimeibiwa, si ulimtuma shemeji akafuate nyayo?"

Watu walicheka, hata Mseti mwenyewe. Kisha akamgeukia Mwanahalima. "Mama Abdul, tuamulie. Wewe ndiye una mtoto kule. Warudi, wasirudi?"

Mimi niliendelea kukaza spoku iliyokwisha kukazwa.

"Nikisema arudi, mtasema mama yake kamfundisha woga. Nikisema abaki, mimi ni mama gani? Nyie mkimaliza kubishana mnaenda kula. Nunueni dagaa."

Silasi alinunua. Tangu hapo wateja wakawa wanashusha sauti Mwanahalima akipita. Aliniambia heri wangepiga kelele, maana kunong'ona kwao kulimfanya ajione kama amekwisha kufiwa.

Hatimaye redio ikasema majeshi yanaondoka kweli. Silasi alipiga makofi, Mseti akasema ni aibu. Mwanahalima alikwisha kuondoka kwenda Kibara. Ndoo ilipojaa, Abdulnasir akapiga simu. Mama yake aliiweka sauti ya juu, kwa kuwa sikio lake moja lilikuwa zito, nasi tukasikia.

"Mama, sisi tumebakizwa kulinda vifaa mpaka barabara ifunguke."

"Mpaka lini, baba?"

"Hata sisi hatuambiwi."

Wengine walirudi. Mwanahalima aliposikia kijana mmoja wa Butiama amefika kwao, alipanda gari akaenda kumuuliza habari za mwanawe. Alirudi jioni, akakaa kwenye benchi langu bila kuvua viatu. Yule kijana alimwambia Abdulnasir ni mzima, kisha akazungumza habari za matope ya kule tu mpaka mama alipoaga.

Baada ya hapo Mwanahalima alianza kuvimba miguu. Mdogo wake, Sabiha, akaja kumchukua akamtunze kwake Mwisenge, Musoma. Alifia huko. Abdulnasir alirudi akakuta kaburi. Alipita bandani kwangu kunisalimu.

Asubuhi ile Sabiha alipokuja kumchukua, bodaboda ikimsubiri, Mwanahalima alileta ndoo akaiweka mlangoni kwangu. Nilimuuliza kama hizo dagaa si za Abdul.

"Zimezeeka, mdogo wangu. Wape wenye kuku. Siku akivuka mpaka, inyeshe isinyeshe, nitaanika nyingine."