Mchezaji Mzima Niliyempeleka Hospitali

Bora niseme mwenyewe kabla hamjaiona kwenye simu ya mtu: yule mwenye kizibao cha njano, anayemfunga mchezaji mbao kwenye mguu huku mchezaji anamsukuma, ni mimi, Kambale, na aibu ya siku ile bado inanichoma.

Nilikuwa nasomea Butembo kazi ya kutunza wachezaji wanaoumia, na kazi hiyo hupewi kwa sababu una mfuko mzuri wa dawa: unasoma miaka, unafanya stage, yaani mazoezi ya kazi, na timu, mwalimu anaweka sahihi kwenye kitabu chako, ndipo unaenda mtihani na kuomba ruhusa ya kazi. Mimi nilibakiza sahihi moja. Moja! Jumapili ile mwalimu wangu wa stage, Mama Kavira, hakuweza kusafiri na timu kwenda Beni, akaniambia, "Kambale, weye unabeba maji na barafu. Mutu akiumia, unaita infirmier wa kule. Hapana kugusa mutu."

Nikasema ndiyo, Mama. Mais lakini tulipofika Beni mashabiki wakaona mfuko wangu, wakaanza "Dokta! Dokta, karibu!", na mimi badala ya kusema bado niko mwanafunzi, nikapunga mkono. Hapo ndipo nilijiharibia.

Dakika za mwisho tunaongoza moja bila, tumeshabadilisha wachezaji wote, Paluku, mshambuliaji wetu, akaanguka peke yake (hakuna hata aliyempumulia) na kulia kama anakufa. Kila mtu anajua maana yake: muda uende. Kila mtu, isipokuwa dokta. Infirmier wa Beni, yaani muuguzi wao, mama mmoja mtulivu, alisimama, nikamwambia akae, nitamaliza mwenyewe.

"Acha, niko muzima," Paluku akaninong'oneza. "Napoteza tu muda."

Nikakumbuka somo: kuna mgonjwa anayekana maumivu kwa sababu ya mshtuko. Donc basi nikatoa mbao, nikatoa bandeji zote, nikamfunga kutoka kifundo mpaka paja, na kadiri alivyonitukana ndivyo nilivyoona ugonjwa unazidi.

"Kambale, balikuloga?" Paluku akafoka, kama kweli nimerogwa.

Wakambeba nje kwa machela. Ambulansi hakuna, nikaita pikipiki, tukampakia katikati, mguu umenyooka pembeni, wauza ndizi wanaukwepa. Hospitalini daktari akafungua bandeji, akabonyeza goti, akamwambia Paluku asimame. Akasimama. Halafu akanifukuza mpaka barabarani, kwa mbio ambazo uwanjani hajawahi kutuonyesha, na kule uwanjani wenzake kumi walikuwa wameshafungwa mabao mawili.

Jumatatu Mama Kavira alikuwa na video mkononi.

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Hapana kitu, Mama."

"Alikuambia?"

"Aliniambia. Mara tatu."

"Sasa ulikuwa unatunza nani, yeye ao weye mwenyewe?"

Akafuta sahihi zote kwa kalamu nyekundu, moja moja, bila haraka. Nililia, sifichi. Wenzangu wamefanya mtihani, wana ruhusa na mihuri yao, na mimi nimeanza stage upya na timu ya sekondari, ambako hata kipa ana video ile.

Paluku hanisalimu hadi leo, na simlaumu. Siku hizi, kabla sijagusa mguu wa mtu, namuuliza kama anaumwa. Akisema hapana, namwamini, nageuka, narudi kukaa.