Pointi za Huruma

Katika shule ya misioni niliyosoma kule Masisi, miaka ile kabla ya uhuru, huruma ilikuwa na pointi. Aliyefyeka nyasi za kanisa alipata. Aliyebeba matofali ya nyumba ya padri alipata. Kumtekea maji mke wa moniteri, yaani mwalimu wetu, ilikuwa huruma kubwa. Kumtekea maji mama yako mwenyewe ilikuwa tabia njema tu, na tabia njema haikuwa na pointi. Na bila pointi za kutosha hakuna aliyeruhusiwa kwenda shule ya wamoniteri, hata akiwa wa kwanza darasani.

Mimi nilitaka kwenda huko kuliko kitu chochote. Sikuwa nimetaka kingine tangu utoto.

Karibu na misioni aliishi mjane mmoja mzee. Maskini, alikuwa mtu pekee wa kuhurumiwa aliyekaa karibu. Tulimgombania. Tulimfagilia uwanja mpaka udongo ukaisha na mawe yakatokea. Siku moja alitoka na fimbo.

"Nyungu zote zimejaa! Munataka nikunywe mpaka nipasuke? Mwende mukasaidie nyanya zenu!"

Hatukwenda. Nyanya zetu hawakuwa na pointi.

Mwaka wa mwisho mama yangu aliugua. Nilikuwa mtoto wake pekee, na baba alikwisha kufa. Kila mchana nilipanda kilima kurudi kwetu, upande wa Kingi, nikamtekea maji, nikamchemshia maharagwe, nikamwosha. Wenzangu walibeba matofali. Mama alipokufa, mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya wote kwa huruma.

Kwetu mtu akifa, jembe halishikwi nyumbani kwake mpaka siku ya kuoga na kunyoa, kilio kinapokwisha. Ardhi imetoka kumpokea mtu, inaachwa itulie. Majirani huleta kuni na chakula, wanakaa nawe kimya, basi. Kila mtoto wa vilima vile anajua hilo kabla hajajua kusali.

Moniteri alilijua pia, ingawa alitoka mbali. Ila aliliita upumbavu. Akawatangazia wanafunzi: twende tulime shamba la marehemu, pointi mara mbili.

Wakaja wakiimba, majembe mabegani. Shangazi yangu, dada wa baba, aliinuka kwenye mkeka.

"Watoto, mama zenu hawakuwafundisha? Jembe kwenye kilio?"

Wakatazama chini. Jirani yangu wa dawati, ambaye nyumbani kwao angechapwa viboko kwa jambo hilo, alijibu kwa adabu kabisa:

"Utusamehe, Mama. Hatulimi shamba. Tunalima pointi."

Moniteri akaniita nilipoketi karibu na moto. Alinyoosha jembe.

"Kuya hapa, shika. Na weye uko na haki. Hii njo nafasi yako ya mwisho."

Nililitazama lile jembe. Nilijua kabisa linafungua mlango gani. Kisha nikawatazama wamama waliolala na mimi chini tangu tulipomzika mama.

"Hapana, Moniteri. Kilio haiyaisha."

"Mama yako alikufa. Masomo nayo ife?"

Nikasukuma kuni motoni. Akawageukia wengine, wakalima mpaka jioni. Walilima vizuri, siwezi kusema uongo. Kisha wakaketi wakala chakula chote ambacho majirani walituletea sisi wafiwa, maana huruma inaleta njaa.

Tulipokwisha kunyoa, nilishuka misioni. Nikamwambia moniteri kwamba siku zote zile nilipasua kuni, nilipokea wageni, nilimchimbia mtu kaburi.

"Ile ni ya kwenu," akasema. "Huruma inaendaka kwa muntu mwingine."

"Lakini wao walikuja kwangu. Muntu mwingine ni mimi."

Akafikiri kidogo, akacheka. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda hoja nzuri.

"Kweli. Basi weye njo uliwapatia pointi. Asante sana."

Nilimshukuru, kwa sababu tulifundishwa kushukuru, nikarudi kwetu. Shangazi alikataa lile shamba lipandwe msimu ule. Likaota majani.

Lori lililowachukua wenzangu kwenda shule ya wamoniteri lilipita barabarani nilipokuwa nafyeka ukingo, kazi ya lazima ya serikali, ambayo pia haikuwa na pointi. Jirani yangu wa dawati alinipungia mkono kutoka juu ya mizigo.

"Kaka, usihuzunike! Tutakuombea!"

"Asante," nikamwambia. "Ukifika, uwaambie unajua kulima kilio."

Wote walicheka kule juu, hata yeye. Lori likakata kona, nami nikaendelea kufyeka.